Supu Isiyo na Harufu

Goma, Jumatano

Bia ililetwa mezani imeshafunguliwa. Hapa, kama kwetu Butembo, mugeni anafunguliwa chupa mbele ya macho yake, ajue hakuna aliyetia kitu. Nikairudisha.

Tangu nije kufunga sola kule Kibati, hii hoteli ya Murara siielewi. Shuka zina unyevu, maji ya bafu yana rangi ya chai, na Mama Furaha anayetuletea wageni chakula anasimama mlangoni kuniangalia nikila. Ananiangalia nini?

Leo akaleta supu ya samaki. Nikainusa. Haikuwa na harufu hata kidogo. Supu ya samaki, kweli... Nikawafikiria watoto. Nikafikiria maiti yangu ikirudishwa Butembo kwa barabara ile mbovu.

"Mama, onja kwanza," nikamwambia.

Hakukasirika. Alivuta kiti, akakaa, akanywa kijiko kimoja polepole, kisha cha pili. Akasukuma bakuli kwangu.

"Papa, sumu haiko," akasema. "Samaki pia haiko."

Sasa niko kitandani na njaa. Sumu nimeacha kuiogopa. Ninachojiuliza ni nani aliyekula samaki wangu.