Siku Tembo Aliposhuka kwenye Treni

Mtaa wa Hontera,
Minase, Japani.
9 Oktoba, 1949.

Mpendwa Dada Itsuko,

Kabla sijapasuka kwa habari niliyo nayo, nijulishe kwanza: mgongo wako unaendeleaje? Shemeji hajambo? Na mibuni yenu huko Brazili? Sisi huku wazima. Mama mkwe kikohozi kimemwachia, na ulimi wake haukuwahi kuugua.

Haya, kaa kitako. Tembo amekuja! Tembo mzima mzima, kutoka India, nimemwona kwa macho yangu haya!

Unamkumbuka yule wa zamani, aliyekunyang'anya kofia pale bustani ya wanyama? Aliuawa wakati wa vita. Iliamriwa wanyama wakubwa wasiachwe hai, mabomu yasije yakavunja vizimba wakatoroka, naye akanyimwa chakula mpaka akaanguka. Tangu hapo mle kizimbani mwake tumelima viazi. Watoto wetu wadogo hawajui hata tembo ni kitu gani.

Chizuru wangu ndiye aliyenitia wasiwasi. Baba yake alipelekwa vitani Manchuria yeye akiwa bado tumboni, Warusi wakamteka, na mpaka leo hatujapata neno lolote. Kila asubuhi namwonyesha picha ya baba yake. Mwezi uliopita aliitazama tu, akasema, "Mama, huyo mtu mmemtunga." Iliniuma sana, dada. Nilimwonyesha hata kanzu ya baba yake, akasema kanzu si mtu.

Kisha kaka yake, Masanobu, akaja mbio kutoka shule na habari za tembo.

"Ana pua inafika mpaka chini, na anaokotea chakula!"

"Muongo wewe!"

"Kweli tena! Muulize mama!"

"Mama naye ndio walewale. Tembo wenu na baba yenu, wote wa kutunga!"

Masanobu alitoka nje, akakaa huko mpaka nilipomwita kula.

Basi jana nikawachukua wote hadi stesheni. Umati wake usiniulize! Mama mkwe, ambaye miguu haimruhusu hata kufika kisimani, alitupita huku akisukuma watu kwa mwavuli. Chizuru nilimweka mgongoni, amenuna, amefumba macho makusudi.

Mlango wa behewa ukafunguliwa. Kwanza ulitoka mkonga, ukapapasa hewa polepole. Kisha akashuka mwenyewe, na ardhi niliisikia ikitikisika. Mhindi mwembamba aliyekuja naye akasema, "Baith!" maana yake keti, naye akaketi palepale, mbele ya mkuu wa stesheni. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Kumbe tembo huyo hajui Kijapani hata kidogo! Leo asubuhi Masanobu kamwambia bibi yake, "Baith!" na bibi akaketi kabla hajajua anafanya nini. Nimecheka mpaka mbavu zinaniuma.

Jana pale stesheni, mle umatini, mama mkwe alikuwa amemshikisha Chizuru kiazi kitamu. Tembo alipopitishwa mbele yetu, mkonga ukaja mpaka begani kwangu, ukakichukua kiganjani mwake taratibu. Dada, nilimsikia mtoto akiacha kupumua. Njia nzima aliutazama tu mkono wake uliolowa, na nyumbani akakataa kunawa.

Tulipokaa kula, akaigeukia picha ya baba yake, akaitazama muda mrefu.

"Mama," akasema, "baba naye akija, atakuwa anajua Kijapani?"

Nikamwambia anakijua vizuri sana.

"Afadhali," akasema, akamaliza wali wake wote.

Nilitoka nje nikalia, kwa furaha na kwa hofu pamoja, maana sasa nyumba nzima inamngoja.

Nisalimie sana shemeji Tokuji na binti yenu Kiyo. Masanobu anakuamkia. Mama mkwe naye anakusalimu, anasema kahawa yenu ameisikia tu, hajaionja. Wazee wetu waliotangulia wawatazame huko ng'ambo, na wamtazame na yule ambaye sisi hatujui alipo.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Fumie