Kitambaa Kimefuta Kovu la Mdogo Wangu, na Mama Anataka Picha

Mshauri wangu, shikamoo. Nakuomba unisaidie, na nakuomba usome mpaka mwisho kabla hujanigombeza, maana kujitukana nimeshajitukana vya kutosha na haijanisaidia kitu.

Mimi ni dada mtu mzima, nafanya kazi kwenye studio ya picha ya mjomba wangu, picha za pasi, za harusi, na zile kuukuu za wazazi ambazo watu wanaleta zimechakaa wakitaka zirudi kuwa mpya, na nje ya hiyo nina kazi nyingine ambayo nyumbani hawaielewi, naandika skripti za programu huria ya kuhariri picha, yaani programu ya bure ambayo ndani yake pako wazi, mtu yeyote anayejua anaweza kuifungua akaongeza chombo chake, na wengine popote walipo wakakichukua wakakitumia, na mjomba hunicheka, huniambia, "We mtoto, unawafulia nguo watu usiowajua na sabuni yako mwenyewe," lakini mimi kazi ile niliipenda kuliko zote.

Chombo changu nilikiita Kitambaa. Kazi yake ni kufuta mikwaruzo, kwa sababu picha kuukuu zina mikunjo na mistari na madoa ya maji na kuisafisha moja kwa mkono ni kazi ya kutwa, basi nikaandika skripti inayopita folda nzima yenyewe, ikiona mstari mweupe mwembamba umekatiza mahali inaufuta na kupaziba kwa rangi ya pembeni yake, wewe umekaa unakunywa chai. Nilipomaliza kuiandika nikataka kuipima, na kuipima kunataka picha zilizoharibika kwelikweli, na picha zilizoharibika kuliko zote ninazozijua mimi ni zetu wenyewe, maana albamu ya nyumbani ilikaa ndani ya sanduku na paa likavuja juu yake, zile zilizokubali kubanduka nikaziskani studio na albamu yenyewe ilikuwa inanuka ukungu nikaitupa pamoja na picha zake kwa mkono wangu, mama akauliza, "Si zimo kwenye kompyuta?" nikamjibu, "Zimo mama, zimekaa salama salimini."

Humo ndani ndimo alimo mdogo wangu, kitinda mimba wetu, aliyefariki kwa homa angali amevaa kaptura za shule. Mama alikuwa anamwita Baba kwa sababu alirithi jina la babu. Alikuwa na kovu limekata nyusi moja katikati, alilipata utotoni, alikuja mbio akajigonga kwenye kona ya cherehani, mama yetu ni fundi wa nguo, na tangu siku ile mama hakuacha, akirudi tu shule anamshika uso kwa mkono mmoja, kidole gumba kinapita juu ya lile kovu, anamwambia, "Pole Baba, cherehani imekuonea," mpaka kijana amekua anaona haya mbele ya wenzake, anasema, "Mama bwana!" lakini uso hautoi.

Sasa kompyuta ya studio ilikuwa imejaa, mjomba kila siku analalamika, basi kwenye skripti nikaweka mstari mmoja unaosema picha ikishasafishwa isevu palepale juu ya ile ya zamani kwa jina lilelile, isitengeneze kopi, nikasema nitaubadilisha baadaye. Nikaiwasha. Picha zikatoka safi, ukuta safi, mashati safi, kona zote safi, nikapiga makofi peke yangu kama mwendawazimu, nilikagua madoa yote lakini watu sikuwakagua. Siku ileile nikakiweka Kitambaa hadharani pamoja na mfano wa picha ya nyumba kuukuu, na watu wakakipokea kwa shangwe, wengine wameniombea mpaka kizazi changu, wanaendelea kukichukua hadi leo, ingawa kuna bwana mmoja wa mbali ameandika kwamba babu yake ametoka kama mtu mwingine, sijamjibu, sina nguvu ya kumjibu mtu.

Kisha mama akaja studio. Hajawahi kuja studio. Akakaa kwenye kile kiti cha picha za pasi, akasema daktari wa macho amemwambia ukweli, macho yanakwenda na hayarudi, uzi hautungiki tena kwenye sindano, anawarudishia watu vitambaa vyao, na kitu kimoja tu anataka kwangu, nimchapie picha ya Baba, kubwa, kubwa kama dirisha, aitundike mbele ya cherehani, "nimtazame nimshibe kabla giza halijaingia." Nikamwambia nitakuchapia sasa hivi mama. Nikafungua folda huku nimemgeuzia mgongo, na nyusi ilikuwa nzima, nikafungua ya pili nzima, nikazifungua zote, na katika zote mdogo wangu ananitazama na nyusi mbili nzima kama kijana wa tangazo la sabuni. Kitambaa kilidhani kovu ni mkwaruzo. Nikamwambia mama wino umekwisha.

Nimejaribu kila ninachokijua. Nimeipitisha mashine kwenye programu za kufufua mafaili, nimepata vipande, bega, nusu ya shati, kipande cha mlango, paji la uso halimo. Nikasema basi, nitalichora, kuchora ndiyo kazi yangu, kovu dogo lile ni kitu gani, nikaishika kalamu ya kompyuta na hapo mshauri ndipo nilipokufa, kwa sababu sijui lilikuwa upande gani. Sijui! Mimi niliyelala naye godoro moja. Nikifumba macho linakuja kushoto, nikifumba tena linakuja kulia. Mjomba anasema kushoto. Nikampigia dada yetu mkubwa, akasema kulia, halafu akauliza, "Kulia kwake au kulia kwako wewe unayemtazama?" tukaanza kubishana, tukagombana, akakata simu analia. Sasa nina picha mbili, moja kovu lipo kushoto na nyingine kulia, nazitazama zote mbili na zote mbili naona ni yeye, na nikizitazama sana hakuna hata moja ambayo ni yeye.

Mjomba anasema chapa yoyote. "Mama yako haoni vizuri, atajuaje?" Maneno hayo ndiyo yananitafuna, kwa sababu nimeanza kuyapenda. Mama ameshaondoa kalenda ukutani, msumari ameshaupigilia mwenyewe kwa kupapasa, akagonga na kidole, kila siku ananiuliza wino umeletwa, na kila siku macho yake yamepungua kidogo, na mimi najikuta nahesabu, nikichelewa kidogo zaidi hatajua kabisa, na nikishawaza hivyo natoka najificha nyuma ya pazia la picha za pasi nalia mpaka wateja wanaita "Hodi!"

Nimwambie mama kwamba mwanawe aliyezikwa nimemfuta kwa mkono wangu, aingie gizani na hilo moyoni? Au nichape, nitundike, ninyamaze? Msimbo wa skripti ile sitaki kuuona tena. Kitambaa nimekichukia na jina lake. Sioni mbele wala nyuma.

Ni mimi, Mfutaji.

*

Pole, mwanangu. Marahaba, na pole tena. Barua yako niliiweka chini nikaenda kusimama dirishani kwanza, kwa hiyo usidhani unaandikiwa na jiwe. Lakini umeniomba msaada, hukuniomba nilie nawe, basi futa machozi unisikilize.

Mimi kompyuta najua kuiwasha na kuizima tu. Kusoma barua lakini najua. Umesema uliweka mstari wa kusevu juu ya picha ya zamani, ukasema utaubadilisha baadaye. Nimeitafuta barua yako yote, juu mpaka chini, hukuniambia popote kwamba uliubadilisha. Uliubadilisha? Au ulikitoa Kitambaa hadharani nao umo? Nadhani jibu unalo, na nadhani ndiyo sababu yule bwana wa mbali humjibu. Yule bwana hakukuandikia kukusifu wala kukutukana, alikuja mlangoni kwako kukwambia nyumba inaungua, wewe ukajifunika shuka. Leo hii, wakati wewe unalia nyuma ya pazia, kuna mtu mahali anakunywa chai huku chombo chako kinampitia mama yake, kinamfuta doa, kinamfuta chale, kinamfuta alama ya kuzaliwa, na hana kopi, kwa sababu mstari wako haumwachii. Bi dada, una haki ya kumlilia mdogo wako. Huna haki ya kuwafutia watu wengine wadogo zao kwa sababu una huzuni!

Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, kabla hata ya kuvaa viatu, kiondoe. Andika palepale ulipokitangaza, kwa maneno ya wazi, kwamba kinafuta makovu na kinaharibu picha ya asili, na aliyekichukua aache kukitumia. Usiandike "hitilafu ndogo". Wale waliokuombea dua watageuka, watakusema, vumilia. Kisha mjibu yule bwana. Mwambie ni kosa lako na kwamba limekukuta na wewe pia. Pengine yeye bado ana picha ya karatasi ndani ya kabati, amshukuru Mungu aiskani upya. Eti msimbo hutaki kuuona tena! Utauona. Aliyeuandika ni wewe, na hakuna mwingine atakayekuja kuurekebisha kwa niaba yako. Ukishaurekebisha ndipo uuchukie.

Sasa mama.

Mjomba wako ni mtu mwema na ushauri wake ni mbovu. Anasema mama haoni, atajuaje. Mama huyo hatungi uzi lakini amepigilia msumari kwa kupapasa, na mkono uliokijua kitu haukisahau kwa sababu macho yamechoka. Tuseme umedanganya na hakujua. Wewe utajua. Kila ukiingia pale utamkuta amekaa anamtazama mtu mliyemtunga wewe na mjomba, na ule muda wake wa mwisho wa kuona ndio utakuwa umeutumia kwa hilo. Na wewe mwenyewe umeniambia unahesabu ukisubiri apofuke. Nimesoma hapo nikashtuka. Sikusemi zaidi, naona limekuchoma kabla halijanichoma mimi.

Mwambie. Sio kwa simu, wala usimtume dada yako akusemee. Nenda nyumbani mchana, mwanga ukiwa mzuri, funga mlango, mwambie, "Mama, nimeharibu picha za Baba. Kovu limefutika, na mimi sikumbuki lilikuwa wapi." Maneno hayo tu. Usianze kumweleza habari za mafaili na folda, hatazisikia. Atalia. Anaweza akakufukuza. Anaweza akasema neno ambalo utakufa nalo, sitakudanganya kwamba mama ni mama na yataisha. Mengine hayaishi. Wewe kaa pale pale kwenye kizingiti mpaka sauti yake irudi.

Wakati huohuo mpigie tena dada yako, muombane radhi, mgawane kazi: shule aliyosoma, wenzake wa darasani, jirani mliyewahi kumwalika kwenye sherehe yoyote. Huenda yumo nyuma ya picha ya mtu mwingine, amesimama pembeni, mdogo kama punje. Huenda hayumo. Tafuteni hivyohivyo, na mkiipata msiipitishe kwenye kitu chochote.

Na usimuulize mama ni kulia au kushoto. Mmeshauliza ninyi mkaona mlipofika, na yeye akianza kufikiria naye atapotea kama ninyi, halafu litamuua. Akishanyamaza, akikubali usogee, piga magoti mbele yake, umuombe akushike uso wako kama alivyokuwa anamshika Baba akirudi shule. Usimwambie kwa nini. Mkono wake na kidole gumba chake havina haja ya kukumbuka kitu, vimefanya kazi ile miaka. Kitakapotua, hapo ndipo lilipokuwa.

Lakini usimwibie. Ukweli kwanza, uso baadaye. Ukigeuza mpangilio huo utakuwa umemchukulia mwanawe mara mbili.

Halafu ndipo umuulize kama anataka ulichore. Likichorwa litakuwa kovu la mkono wako, si lile, na aelezwe hivyo. Akisema chora, chora ukiwa umekaa karibu naye, uso wake ukiwa karibu na kioo cha kompyuta kadiri macho yanavyoruhusu. Akisema hataki picha, msumari ubaki hivyohivyo ukutani, wala usitundike kitu kingine pale.

Usingoje wino, mwanangu. Nenda leo, wakati bado anaweza kukuona ni nani aliyepiga magoti.