Dua Ndani ya Gari ya Saidi

Nasra mjukuu wangu, assalaam alaikum. Sisi huku Mabela wazima, goti la babu yako limetulia.

Umeniuliza maana ya kisa cha Biblia alichokusomea mwenzio chuoni: mtoto aliyemwambia baba yake "sendi" kisha akenda, na aliyeitikia vizuri asende. Biblia siijui, lakini watoto hao nimelelewa nao. Ni kaka zangu.

Mama alipougua alitaka kupelekwa hospitali. Khalfani akamjibu, "Inshallah, mama," na hatukumwona. Saidi alifoka, "Sendi, nna kazi!" Punde tukasikia honi yake mlangoni.

Njia nzima mama akamwombea dua Khalfani, mwanawe mwenye kauli nzuri. Saidi akaendesha tu. Mie nyuma nikiitikia, "Amin."

Sasa namwombea Saidi kila nikisali, lakini hayupo tena duniani kunisikia.

Bibi yako