Amplifaya Uliyoiacha Wazi

Kwako Baba Chebet, popote ulipo,

Wiki iliyopita stima ilipotea tena. Mvua ya mawe ilikuwa imeipiga chai yetu yote ya upande wa chini, nami nilikuwa jikoni nasonga kimyet, ugali wetu. Ilikuwa mchana, kwa hivyo giza halikunisumbua. Lakini unajua mimi siogopi stima ikienda. Naogopa ikirudi. Taa iliwaka ghafla, mwiko ukaniponyoka, na masikio yangu yakageukia ile kona ya sebule ulikoiacha amplifaya yako bila kifuniko. Chebet, aliyekuwa nyumbani kwa likizo, aliniona. Watu wa Kapsoit wananijua kama mjane aliyetulia, lakini mtoto wako hadanganyiki.

Nakumbuka siku ulipoileta kwa pikipiki, umeifunga kwa kamba za mpira kama mbuzi wa mahari. Ilikuwa imetupwa kwenye stoo ya klabu ya zamani ya shamba kubwa la chai, ilikokuwa ikitumiwa kwa hotuba na sinema enzi za wazungu. Nilidhani umeniletea jiko.

"Jiko gani?" ulisema, umekasirika kweli. "Hii ni ya valvu, Mama Chebet. Hizi hazitengenezwi tena hivi."

"Na hiyo kutu nayo haitengenezwi tena?"

Ulicheka mpaka ukakaa chini. Fundi wa redio mzima, mtu mwenye kibanda chake sokoni, unachekea kutu sakafuni kwangu. Nilikupenda sana siku hiyo, na sikukwambia.

Ulikuwa umechoka na amplifaya za dukani. Ulisema zinalikaba koo gitaa lako la chuma, lile unalolilaza mapajani na kuteleza juu ya nyuzi zake kwa kipande cha chuma. Gitaa hilo, ulinifundisha, halitaki kelele za kukwaruza. Linataka sauti safi, inayokaa hewani na kufifia bila haraka. Basi ukaanza kuigeuza ile mashine ya hotuba. Ulitoa valvu ya kwanza, kile kichupa cha kioo kinachowaka ndani, ukaweka nyingine iliyo dhaifu kidogo, ili sauti isianze kupasuka mapema. Ukabadilisha transfoma, ukaweka kubwa zaidi. Ukaondoa spika ya zamani, ukaweka nyingine nzito iliyokaribia kutushinda kuinua. Sebule yangu ilinuka moshi wa kulehemu hata wageni wa kanisa walipokuja, na mimi ndiye niliyeona haya, si wewe.

Ulikuwa na mtindo wako ambao majirani waliucheka. Uliamini kwamba chumba kinadanganya, na sauti ya kweli inasikika mbali. Kwa hivyo ulinituma chini katikati ya chai, kikapu mgongoni, nisikilize huku nikichuma. Ukipiga noti moja kupitia dirisha lililo wazi, mimi nikisikia iko sawa, nainua mkono. Nisipoinua, unarudi ndani kuchokora nyaya.

"Bado?" ulinipigia kelele.

"Bado! Inakohoa!"

"Pado inakohoa," ulijijibu kwa Kiswahili chako cha nyumbani, na dirisha likanyamaza tena.

Nilipenda kazi hiyo kuliko nilivyokubali. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniuliza ninasikia nini.

Mwishowe ilibaki kasoro moja tu. Mvumo. Ulikuwa chini ya kila noti, mdogo, kama nyuki ndani ya kuta. Ulihangaika nao sana. Siku ile uliniambia umejua unatoka wapi, ni waya mmoja tu wa kuhamishwa. Nikashuka shambani. Kabla hata sijajaza kiganja, stima ikapotea, nawe ukatoa kichwa dirishani.

"Mama Chebet, stima imeenda! Kaa hapo hapo, nihamishe hii waya haraka!"

Wewe, ambaye hukuwahi kuingiza mkono ndani ya amplifaya kabla ya kuchomoa plagi. Uliyemfokea kila aliyesahau. Siku hiyo taa zilikuwa zimezimika, ukaona hilo linatosha.

Nilikuwa nimesimama katikati ya majani balbu ya barazani ilipowaka. Nilifurahi. Nikasimama vizuri nisikilize. Nikasikia mvumo, halafu kishindo kidogo, halafu mvumo ukaendelea peke yake. Nikangoja upige. Nilingoja kwa subira yangu yote, Baba Chebet, na nilipochoka nikakuita kwa utani, "Wewe, umelala?"

Sauti yangu hiyo ndiyo inayonirudia. Naisikia nikiosha vyombo, naisikia kanisani.

Ndugu zako walitaka amplifaya itupwe, hata mmoja alikuja na shoka. Nilisimama mlangoni nikamwambia aanze na mimi. Walidhani ni uchungu. Ukweli ni kwamba niliamini umo ndani. Niliitandikia kitambaa cha kufuma, nikawa napangusa vumbi pembeni bila kuigusa. Ilikuwa haijawashwa tangu siku ile, lakini nyumba ikinyamaza nilikuwa nausikia mvumo wake. Usinicheke.

Baada ya ule mwiko kuniponyoka, Chebet alikaa karibu nami na kusema anataka kuifungua. Nilimkatalia. Anafanya kazi ya umeme kule Longisa, anapanda nguzo ambazo mimi siwezi hata kuzitazama, na bado nilimkatalia.

"Mum, hiyo kitu imekaa hapo kama maiti haijazikwa," alisema. "Dad aliacha waya moja tu. Wacha nimalizie."

"Baba yako alikuwa fundi kuliko wewe, na ilimmaliza."

"Ilimmaliza juu ya kusahau plagi. Mimi siwezi sahau."

"Hata yeye alikuwa anasema hivyo."

Hatukuongea mpaka kesho yake. Niliogopa kupoteza wa pili kwa sanduku moja. Pia niliogopa jambo lingine ambalo sikumwambia. Asubuhi alinipikia chai, akachomoa plagi kwenye soketi na kuniwekea mkononi.

"Shika wewe. Usiachilie hii mpaka niseme."

Nikaishika. Nilikaa kwenye kiti kando yake, plagi nimeifumbata kwa mikono miwili, huku akimwaga umeme wowote uliokuwa umebaki ndani, kwa maana alinieleza kwamba mashine hizi huweza kukaa nao hata zikichomolewa. Aliuona ule waya. Ulikuwa umeukata upande mmoja, upande wa pili bado. Kisha akauhamisha mahali ulipotaka wewe, akalehemu, akafunga kifuniko na skrubu zake zote.

"Haya, lete plagi, Mum."

Vidole vyangu vilikataa kufunguka. Hakunipokonya. Alingoja, na mwishowe nikainuka nikaichomeka mwenyewe.

Valvu zilipata rangi polepole. Chebet akalilaza gitaa lako mapajani, akapiga noti moja. Baba Chebet, ilikuwa safi. Ilikaa hewani, ikafifia bila haraka, na chini yake hapakuwa na kitu.

"Iko aje?" aliniuliza.

"Iko sawa."

"Basi mbona unalia?"

Ule mvumo ndio uliokuwa sauti ya mwisho niliyobaki nayo kutoka kwako, na mtoto wako ameuponya. Hicho ndicho nilichokuwa naogopa. Tangu hapo nyumba ikinyamaza, imenyamaza kweli. Nimekaa nikisikiliza kila siku, na sisikii chochote.

Nimemwambia aibebe anaporudi Longisa. Kanisani kwao wanahitaji mpigaji, na mashine hiyo hukuitengeneza ili ifunikwe kitambaa. Ameshaifunga kwa kamba, iko mlangoni. Mimi niko mezani nakuandikia kabla gari halijafika, kwa sababu siku ile nilikuwa shambani nikikungoja, na sikupata nafasi ya kukuaga. Nenda salama, mume wangu.

Mkeo,
Mama Chebet