Aya Niliyomficha Mama

Baba,

Sisi huku hatujambo, ila Mama anakohoa. Ni moshi. Tangu mwezi wa nne tunalala jikoni, sote wanne, na hilo ndilo limenifanya nikae chini nikuandikie.

Usishtuke. Au shtuka tu, ni nyumba yako. Vyumba vya mbele vina wapangaji. Aliyewaingiza ni Anko Zablon, mdogo wako, yule uliyemwandika kwenye wosia awe msimamizi. Najua kwa nini ulimchagua. Alilala kwenye benchi la hospitali siku zako zote za mwisho, na tulipokupeleka nyumbani alikaa nyuma ya lori na jeneza lako njia nzima, mvua ikimnyeshea. Sijasahau hayo, hata sasa.

Wosia ulisema wazi. Nyumba hii ya mtaa wa Uhuru, uliyomaliza kuilipia kanjo, yaani baraza la jiji, kabla hujaugua, ni ya Mama na sisi watoto watatu. Anko ni wa kusimamia tu mpaka iandikwe kwa majina yetu. Lakini siku ya kunyolewa nywele, baada ya mazishi, wazee walimsimamisha mbele ya watu, wakamvika koti lako la kijivu, wakasema, "Huyu ndiye baba wa watoto hawa sasa." Tukapiga makofi. Mimi pia nilipiga. Tangu siku hiyo hakuna aliyetofautisha kusimamia na kumiliki, nadhani hata yeye mwenyewe. Alipotuhamishia jikoni alisema ni kwa muda, kodi ya wapangaji itatusomesha. Karo yangu aliendelea kuilipa Mama kwa kuuza sukuma wiki sokoni. Alipouliza kodi inakwenda wapi, Anko alicheka: "Shemeji, tangu lini baba wa nyumba akaulizwa?"

Sasa niungame.

Mwezi wa saba Anko alikuja na karatasi ya Kizungu. Alikuwa mchangamfu, amebeba mkate na siagi. Alisema ni fomu ya korti, ya kumaliza mambo. Mama, unavyojua, Biblia yake ya Kiswahili anaisoma vizuri, lakini kuandika hajazoea na Kizungu kinampita. Basi Anko akanikabidhi mimi. "Mwalimu, msomee mama yako. Huyu Kizungu chake kinatoka puani, kama cha masista wa shule yake." Wadogo zangu wakacheka. Mama naye akacheka, akapangusa mikono, akakaa.

Nikasoma. Aya ya kwanza ilisema nyumba iandikwe kwa jina la Anko, aishike kwa niaba ya familia. Hiyo nilitafsiri. Aya ya pili ilisema anayetia sahihi ameelezwa haki zake: kwamba anaweza kumdai msimamizi hesabu ya mali yote ya marehemu, kwamba anaweza kuupinga mgawo huu na korti ikamsikiliza, na kwamba haki hizo ameziacha kwa hiari yake. Nilielewa, Baba. Nilielewa kila neno.

Nikainua macho. Anko alikuwa ananitazama huku anapaka siagi. Hakunikodolea macho. Alitabasamu, na akitabasamu anafanana na wewe sana. Nikamwambia Mama, "Hapa kwingine ni mambo ya korti tu." Mama akachovya kidole kwenye wino.

Sikutishwa na mtu. Niliona haya. Nilishindwa kumwaibisha mtu mzima mezani, mtu niliyeambiwa nimwite baba, na mkate wake ungali mdomoni mwangu.

Unakumbuka zile Jumamosi zetu? Wewe unapiga viatu rangi, mimi nakusomea gazeti la Kizungu na kukueleza kwa Kiswahili. Nikichoka naruka mstari, na wewe bila kuinua kichwa unasema, "Rudi. Hapo umeruka." Sijui ulikuwa unajuaje. Siku ile ya karatasi niliingoja sauti yako. Niliingoja kweli. Hata sijui ningefanya nini kama ingekuja.

Nilikaa na jambo hilo wiki tatu. Halafu asubuhi moja, tukifua pale bombani, likanitoka lote. Mama aliniuliza taratibu, "Kwa hivyo nilitia kidole nikatoa nini?" Nikasema haki ya kuidai nyumba. "Nyumba gani?" Nikasema hii, Mama. Akanipiga kwa shati lililolowa, mgongoni, mbele ya majirani. "Nimetukanwa sokoni miaka mitatu ndipo masista wakufunze kunyamaza?" Kisha akakamua lile shati, akalianika vizuri, akasema, "Vaa viatu twende kortini." Nikamwambia leo ni Jumamosi, kumefungwa. "Basi vaa, ukae navyo mpaka Jumatatu."

Jumatatu tulimpata karani mmoja mzee dirishani. Alilitafuta faili, akalisoma, akavua miwani. "Mama, nani alikudanganya kwamba msimamizi ndiye mwenye mali? Huyu ameachiwa ufunguo, hajaachiwa nyumba." Akatueleza kwamba korti bado haijauthibitisha mgawo, kwa hivyo Mama anaweza kuweka kiapo cha kuupinga. Anaweza pia kuomba Anko alete orodha ya mali na hesabu ya kodi. Akikataa, au ikionekana ameitumia mali kama yake, korti ina uwezo wa kumwondoa na kumweka mwingine. Halafu akagonga ile alama ya kidole. "Shida ni hii. Hapa inasema ulielezwa. Nani alikueleza?"

Mama alinionyesha kwa kidevu.

Kesi ilisikizwa wiki iliyopita. Jaji aliuliza kama Mama alisomewa aya ya pili. Anko alikuwa anaangalia viatu vyake. Unanijua, Baba, hata darasani siinui mkono. Nilisimama nikashika kiti cha mbele yangu. "Mimi ndiye niliyemsomea. Sikumsomea yote." Jaji akanipa ile karatasi, akaniambia nimsomee sasa. Nikaisoma kwa Kizungu, kisha nikamgeukia Mama nikamweleza kwa Kiswahili, polepole, mpaka nukta ya mwisho. Jaji akamuuliza, angalijua hayo, angalitia kidole? Mama akasema, "Hata cha mguu nisingetia." Watu waliangua kicheko. Anko pia alicheka kidogo, kabla hajakumbuka yuko wapi.

Karatasi ile imetupwa. Nyumba haitaandikwa kwa jina la Anko. Amepewa siku thelathini alete hesabu ya kila kitu kwa kiapo, la sivyo ataondolewa.

Alinifuata kwenye ujia, macho mekundu. "Ungeniambia pale mezani, mwanangu." Huenda angesikia. Akashuka ngazi peke yake, na mimi nikalia kuliko nilivyolia siku tuliyokuzika. Nisamehe kwa hilo.

Bado tuko jikoni, Baba, lakini Mama ameanza kuwaambia wapangaji watafute kwingine, na anawaambia kwa sauti ya mwenye nyumba.

Pumzika sasa. Nakuahidi kwamba siku Anko atakapoleta hesabu yake nitakuwa pale mapema. Nitamwamkia kwanza, kwa mikono miwili. Kisha nitakwenda kukaa upande wa Mama.

Binti yako,
Nekesa