Mkono Unatetemeka, Wateja Wanashangilia

Mpendwa mshauri,

Nisaidie kabla sijapasuka, kwa kucheka au kwa kulia, maana hata sijui kipi kitatangulia. Mimi ni mpambaji wa keki, mama wa watoto wakubwa, niko kwenye duka hilihili la keki tangu wanangu wakiwa chekechea, na mstari wangu wa krimu ulikuwa umenyooka kiasi kwamba wenzangu walinibandika jina la Rula. Mwaka jana mkono wa kulia ukaanza kutetemeka wenyewe, nikadhani ni uchovu, nikapunguza kahawa, nikabadilisha mto, wapi, mwishowe daktari wa mishipa ya fahamu akanikalisha akaniambia nina Parkinson, ugonjwa usiopona ambao utaendelea taratibu, ila dawa za kuutuliza zipo na watu hufanya kazi miaka mingi wakiwa nao. Nilimwambia mume wangu peke yake. Kazini nikajitia hamnazo.

Sasa sikia balaa. Siku moja napamba keki ya harusi, mkono ukanicheza, mstari ukapanda ukashuka, nikaona nikifuta nitaharibu zaidi, basi nikaufuata mchezo huohuo, mstari wa pili ukacheza, wa tatu ukacheza, nikajikaza kisabuni nikaitoa keki mbele huku roho iko mkononi. Bibi harusi akaruka juu! Akasema hajawahi kuona keki inayocheza. Oda zikaanza kumiminika, na mwenye duka, mama mmoja mwenye mbio tunayemwita Bosi Mama, akaandika kwenye kioo cha mbele kwa rangi ya waridi: MTINDO WA MAWIMBI, HAPA TU. Mshauri, ugonjwa wangu umeandikwa kwenye kioo cha duka na watu wanapiga nao picha!

Wenzangu wakaanza kuiga. Mmoja anapamba huku anatikisa mabega kama yuko disko. Mwingine alimwomba mwokaji wetu, baba wa mwili mkubwa tunayemwita Meja, aitikise meza wakati yeye anakamua krimu, kikatoka kitu kama uji uliomwagika, tukacheka mpaka Meja akaketi juu ya gunia la unga likapasuka. Mimi nilicheka kuliko wote, halafu nikaenda chooni nikalia, halafu nikalikumbuka lile gunia nikacheka tena humohumo chooni.

Taabu ni kwamba dawa nilizoanza baadaye zinafanya kazi. Nikizimeza kwa wakati mkono unatulia, mstari unanyooka kama zamani, na mwezi uliopita mteja mmoja alirudisha keki akalalamika, "Hii imenyooka mno, mimi nilitaka ya yule fundi." Nikamjibu, "Fundi leo hajisikii vizuri," na mwenzio siku hiyo nilikuwa najisikia vizuri kuliko siku zote! Tangu hapo, naona aibu kusema, siku za oda kubwa nachelewesha dawa makusudi ili nitetemeke. Wiki iliyopita nilichelewesha hivyohivyo, nikafika mlango wa stoo na sinia la keki ndogo mikononi, miguu ikagoma. Ikaganda. Meja yuko nyuma yangu, akadhani namtania, akasema, "Rula, leo unatoza ushuru hapo mlangoni?" kisha akaanza kupiga mluzi wa gwaride, na maajabu, miguu ikaufuata mluzi, tukaingia stoo kushoto kulia kama askari, keki zote salama. Lakini aliponipokea lile sinia aliniangalia sana, na hakucheka.

Sasa Bosi Mama amewaita wapambaji wa matawi yetu mengine waje Jumamosi ijayo niwafundishe siri ya mawimbi. Siri gani, jamani? Niwaambie wakaugue? Mume wangu anasema niache kazi nipumzike, mimi nikipumzika nitaoza, naipenda kazi hii mpaka harufu ya vanila iliyogoma kutoka kwenye nywele zangu. Nikisema ukweli naogopa Bosi Mama ataniweka kaunta nibandike vibandiko, au atanipa mkono wa kwaheri kabisa. Nisiposema, Jumamosi nitasimama mbele ya watu kufundisha nini?

Ni mimi, Rula wa Mawimbi

MSHAURI ANAJIBU

Rula, mama wa gwaride,

Umenivunja mbavu. Herufi zako zilianza kubwa zikaishia ndogo kama sisimizi, nikaazima miwani ya jirani juu ya miwani yangu, na sikuacha kusoma. Pole kwa ugonjwa, pole ya moyo kwa moyo. Sasa futa machozi, maana nimekasirika.

Unachelewesha dawa ili keki ipendeze? Wewe mama, una akili timamu? Siku ile ulikuwa na sinia la keki. Siku nyingine utakuwa na kisu, au utaganda mbele ya oveni, na hapo Meja atapiga mluzi gani? Kuanzia leo unameza dawa kwa saa alizopanga daktari, na hilo la kuchelewesha nenda ukamwambie yeye mwenyewe, hata kama atakufokea. Akikufokea, mwambie foleni ni ndefu, mimi nimeshatangulia.

Pili, mwone Bosi Mama kabla ya hiyo Jumamosi. Usimvizie jikoni huku mashine ya kupiga krimu inanguruma. Omba muda, mkae, mlango ufungwe. Usianze na machozi wala na "samahani", kwa sababu hujaiba kitu. Sema hivi: "Nina ugonjwa wa Parkinson. Kazi naiweza na ninaitaka. Ili niiweze vizuri, nahitaji vitu hivi." Halafu vitaje, usimwachie akisie, maana mtu mwenye mbio akiachiwa kukisia atakupeleka kwenye vibandiko kweli.

Mapambo ya mkono uyafanye saa zile dawa imekolea, na saa nyingine uchanganye rangi, upokee oda, uchore michoro. Upate kiti kirefu chenye pa kuegemeza viwiko. Mfuko wa krimu ujazwe nusu, mipini ya vifaa iongezwe unene kwa kitambaa. Masinia wabebe wengine. Meja ana mwili wa kazi hiyo, na anadaiwa gunia la unga. Mlangoni mwa stoo pasiwekwe vitu vya kukuzuia, na sakafuni pabandikwe mistari ya kuvuka hatua kwa hatua, ambayo husaidia miguu ya baadhi ya watu wenye hali yako. Muulize daktari yapi yanakufaa, akuandikie barua. Na kwa kuwa ugonjwa unaendelea, mkubaliane kukaa tena kila baada ya miezi michache, muone nini kimebadilika. Bosi akikataa au akikutisha, nenda ofisi ya kazi au chama cha wafanyakazi ukaulize haki zako. Lakini mpe kwanza nafasi ya kukusikiliza. Mwanamke aliyekupaka kwenye kioo chake kwa rangi ya waridi hana haraka ya kukupoteza.

Mume wako ana huruma, mshukuru. Kama anataka upumzike, aoshe vyombo.

Naja kwenye hiyo siri ya Jumamosi, maana hapo ndipo umejidanganya vibaya zaidi. Umeniambia mwenyewe kwamba meza ilitikiswa ukatoka uji. Basi kama kutetemeka ndiko kunakopamba keki, mbona yule mwenzako hakupata wimbi? Kila mkono wako ulipotoka njiani, wewe uliurudisha, tena ukajua mstari wa pili uende wapi ili wa kwanza uonekane ulikusudiwa. Huo ni ufundi wako, Rula, miaka yote hiyo tangu watoto wakiwa chekechea. Ugonjwa haukupamba hata keki moja. Jumamosi wafundishe hilo, namna ya kuuokoa mstari ulioharibika, ukiwa kitini, mkono umetulia. Na mteja akitaka mawimbi siku ambayo umenyooka, yachore kwa kitana cha krimu, kile kibao chenye meno, kama mafundi wengine wote, umalize kazi uende nyumbani.

Mwezi ujao natimiza miaka sitini, na sijapata mtu wa kunipambia keki. Basi hii ni oda. Mstari ukinyooka, nitaula. Ukicheza, nitaula pia. Sharti langu ni moja tu: uipambe umekaa, na dawa umeshameza.