Waya wa Ardhi Uko Wapi, Baba

Somanda, Bariadi
16 Septemba 2024

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini wewe na mama mmeamka salama na ng'ombe hawajambo. Mimi ni mzima. Kazi ya masjala inaendelea, ila bado niko kwenye majaribio, na kila jalada likikosekana naulizwa mimi.

Mzigo wako wa vifaa vya umeme vya karakana nimempa kondakta wa basi. Kwa kuwa simu huisikii tena tangu miaka ya kiwandani, naandika kila kitu. Soketi nyekundu yenye matundu matano ni ya msumeno wa meza, kwa sababu unatumia umeme wa fezi tatu. Ya bluu yenye matundu matatu ni ya mashine ya kuchomelea. Zile nyeupe za ukutani ziache kwa redio na pasi. Ukizibebesha mashine zitayeyuka. Kila soketi iwe na breka yake ya kukata umeme. Fimbo ndefu ya shaba ni ya waya wa ardhi, fundi aipige iingie yote chini. Msumeno wenyewe umeshatumika sana. Siku ukivujisha umeme, ule waya ndio utakaoupeleka ardhini usipite kwako.

Niliuliza maswali mengi dukani mpaka wakanicheka. Sijali. Naogopa umeme, baba.

Mwanao,
Milembe


Binza, Maswa
20 Septemba 2024

Mayu Milembe, mwanangu,

Mwangaluka. Sisi tupo, ni magoti ya mama yako tu yanayolalamika. Mzigo umefika, pamoja na maelezo yako ambayo yangemtosha mtu anayejenga bwawa la umeme. Wewe utaogopa hata tochi. Fundi Elia amefunga soketi kama ulivyochora. Msumeno unakata mbao za mninga kama muhogo wa kuchemsha, na nimeshapata kazi ya milango minne ya kanisa.

Jambo moja tu. Ng'ombe wamegoma kunywa kwenye hori la bati pale bombani. Wanasogea, wananusa, kisha wanaruka kurudi nyuma kama wamechapwa. Jioni nikifunga kazi wanakunywa vizuri. Shangazi yako anasema kuna mtu kapita hapo na dawa, anataka tumwite mganga. Mimi nasema maji yana kutu.

Baba yako


Somanda
24 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo. Mko wazima? Nijibu hilo kwanza.

Waya wa ardhi Elia ameufunga wapi? Umesema ng'ombe wanakunywa ukifunga kazi. Basi si dawa wala kutu. Ni msumeno. Nimemsomea barua yako Januarius, fundi wa pale dukani, na safari hii hakucheka. Aliuliza kama kuna waya uliofungwa kwenye bomba la maji. Tafadhali usiwashe msumeno mpaka uangalie. Na mama asichote maji akiwa peku.

Mwanao,
Milembe


Binza
30 Septemba 2024

Mayu,

Hatujambo, shaka ondoa. Barua yako nimeisoma mbele ya mama yako, nikacheka mpaka nikakohoa.

Ardhi ya Septemba ni jiwe. Fimbo iliingia robo ikagoma. Elia akaufunga waya kwenye bomba, maana bomba nalo linaingia ardhini, ni kitu kilekile. Anasema nyumba nyingi amezifanya hivyo. Nimekaa kiwanda cha pamba miaka ishirini na sita na vidole vyote kumi ninavyo. Ng'ombe nawanyweshea kwa ndoo. Milango inatakiwa kabla ya kipaimara. Soma majalada yako, uache kunisomea mashine.

Baba yako


Somanda
2 Oktoba 2024

Baba,

Shikamoo. Bomba la chuma ni hapo juu tu. Mwaka juzi walipobadilisha, chini waliweka la plastiki. Wewe mwenyewe ulishika koleo. Umeme hauna pa kushukia. Unabaki kwenye bomba na kwenye hori, unamngoja atakayegusa.

Nimempigia mama. Alisema mko wazima, kisha upesi akasema simu inaisha chaji. Nijibu kwa basi la kesho.

Milembe


Somanda
7 Oktoba 2024

Baba,

Basi la Alhamisi halikuwa na barua, wala la Ijumaa, wala la leo. Nimeandika ombi la ruhusa mara nne nikalichana. Nitasema nini? Karani wa majaribio anaomba kuondoka kwa sababu ng'ombe hawanywi maji? Mama hapokei simu. Niandikie hata neno moja.

Mwanao


Binza, mlangoni mwa karakana yako
10 Oktoba 2024, saa nne asubuhi

Baba,

Naandika nikiwa hatua sita kutoka ulipo, kwa sababu nikisema hutanisikia na nikipaza sauti nitalia. Nimeondoka kazini bila ruhusa. Msumeno haujaharibika. Swichi kubwa nimeizima mimi, na mkono wangu bado uko juu yake. Soma kwanza, ndipo uje kunitoa.

Nimemkuta mama bombani, amesimama juu ya kipande cha ubao, amejifunga khanga mkononi. Bomba linamng'ata hii ni wiki ya tatu. Jumapili iliyopita ulipokuwa unamalizia mlango lilimkamata, hakuweza kuachia mpaka ulipozima mashine kubadilisha ubao. Hakukwambia, maana ulikuwa umeshacheka.

Anayekuletea karatasi hii ni yeye. Mwangalie kiganja cha kulia.

Sitoki hapa mpaka ule waya utoke kwenye bomba.

Mwanao,
Milembe


(Chini ya karatasi hiyohiyo, kwa penseli ya useremala)

Mayu,

Nimekiona.

Kaa hapohapo kwenye swichi. Asiiguse mtu, hata mimi nikikuamuru. Waya naufungua sasa hivi. Fimbo tutaipiga upya nyuma ya jiko, lakini lazima ardhi ilowe kwanza, ndoo hata ishirini.

Mwambie mama yako akae chini. Maji nitachota mimi.

Baba yako